Barafu ya Bi. Somoe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Somoe Chilumba, mtunza chanjo wetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Friza bado hazijaambiwa.

Alianza kama mhudumu wa wodi, akahamia chumba cha chanjo. Mwaka wake wa kwanza huko, pakiti za barafu, vile vidumu bapa vya maji, zilitolewa kwenye friza na kupangwa moja kwa moja ndani ya kasha la kubebea chanjo. Yeye na wenzake walipofika kijiji kimoja upande wa Nanyamba, chanjo ya pepopunda ilikuwa imeganda, na chanjo hiyo ikiganda haifai tena. Akina mama walirudi na watoto wao mgongoni. Bi. Somoe ndiye aliyewaaga, mmoja mmoja, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

Tangu hapo huziacha pakiti mezani zitoke jasho, kisha huzitikisa sikioni mpaka asikie maji yakicheza ndani. Barafu inayotoka kwenye friza ni baridi kupita kiasi, lakini ikishaanza kuyeyuka, hubaki kwenye nyuzi sifuri mpaka kipande cha mwisho kiwe maji. Joto lote linaloingia huishia kwenye kuiyeyusha. Hapo chanjo hupoa bila kuganda.

Josephu, dereva wetu, hakuwahi kuzoea. Injini ikinguruma, yeye husimama mlangoni akiuliza kama barafu imeshajibu.

Masika moja gari lilikwama kwenye tope kabla ya kufika Kitaya. Josephu alinung'unika kwamba barafu ngumu ingedumu zaidi, na ni kweli ingedumu. Bi. Somoe alijitwika kasha, akatembea. Alipofika alitoa pakiti moja, akaitikisa sikioni huku uso umemkauka. Nilza, mama aliyesubiri na mwanawe tangu asubuhi, alimtazama kwa huruma.

"Dada, huyo mtoto unayembembeleza ni wa nani?"

Ndani ya pakiti, kipande cha barafu kiligonga.

"Ni wangu," alijibu Bi. Somoe, "na bado mzima."

Watoto wote walichanjwa. Vilio vyao vilimfikia Josephu huko topeni, akajua mambo yamekwenda sawa.

Tulipomuuliza Bi. Somoe anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba jiko la gesi. Anasema baridi aliyokwisha kuishika inamtosha. Jiko limenunuliwa, na mtungi umejaa.

Asante, Bi. Somoe, kwa kila mtoto aliyelia mikononi mwako kisha akakua salama. Tunakutakia afya njema, chai ya moto kila asubuhi, na maisha mema.