Mikono ya Sista Wiki Sita

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba, fundi bomba. Nimepewa kazi hii ya kusoma wasifu wake kwa sababu wakubwa zangu wanalia. Nami nitalia, ila nikishamaliza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa mpiga chapa na mama mshonaji. Alipofika miaka tisa mikono yake ilianza kutoka mabaka mekundu yenye magamba meupe. Ugonjwa ule hauambukizi, lakini nani alijua? Mama alimpaka kila kitu kilichouzwa kwenye kichupa, na mabaka yakabaki palepale.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kumaliza sekondari 1969. Kwa miaka minne alikaa dawati la peke yake, maana hakuna aliyetaka kugusana naye. Nyumbani alituambia kwamba amepewa dawati zima kwa heshima, na sisi wajinga tukamwonea wivu.

Mwaka 1970 aliomba chuo cha uuguzi. Kwenye usaili mkuu wa chuo aliitazama mikono yake, akauliza, "Hiyo ndiyo itakayoshika wagonjwa?" Dada akajibu, "Ndiyo hii, sina mingine." Akachukuliwa. Alihitimu tarehe 3 Novemba 1973, lakini hospitali ikamweka stoo kukunja mashuka. Karibu miaka sita, jamani! Muuguzi mwenye cheti! Aliwahi kuniambia kwamba duniani anataka kitu kimoja tu: mgonjwa amkabidhi mwili wake bila kusita.

Agosti 1979 aliletwa dereva wa lori mwenye kidonda cha miaka minne juu ya kifundo cha mguu. Kila aliyemhurumia alikuwa amempasulia vidonge vya rangi mbili, akamwaga unga wake kidondani, kisha akamwambia auanike mguu juani. Kidonda kikawa kinakauka juu na kuoza chini. Daktari wa upasuaji alishaandika kwamba mguu ukatwe Ijumaa. Muuguzi wa chumba cha vidonda alikuwa likizo, basi dada akatoka stoo bila kuitwa.

Dereva alipoiona mikono ile akarudisha mguu nyuma. "Sista, si ujitibu kwanza wewe?"

"Ugonjwa wangu hauponi, kaka," dada akamjibu. "Wako unapona. Tuanze na wako."

Dereva alicheka mpaka akakohoa, kisha akaunyoosha mguu. Dada akamwendea daktari, akaomba wiki sita, na akapewa kwa kununa. Alikiosha kidonda mpaka unga wote ukatoka, akakifunika kibaki na unyevunyevu, akaufunga mguu bendeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi gotini. Kila Jumatatu aliweka karatasi ya plastiki juu ya kidonda, akachora ukingo kwa kalamu na kuandika tarehe. Wiki ya tatu michoro ilikuwa ileile, haijapungua hata uzi. Siku hiyo nilimwona dada akilia kwa mara ya kwanza. Wiki ya nne kidonda kikaanza kupungua. Wiki ya sita kilikuwa sawa na kifungo cha koti. Daktari alizipanga plastiki zote sita dirishani, moja juu ya nyingine, kisha akalifuta jina la dereva kwenye orodha ya kukatwa. Stoo ilitafutiwa mtu mwingine siku hiyohiyo, na Sista Wiki Sita akapata jina lake.

Aliolewa tarehe 12 Aprili 1981 na mpishi wa hospitali. Shemeji anasema alimpenda alipomsikia akimfokea mtu aliyeshika kidonge kilichopasuliwa: "Hiki ni kidonda, si mchuzi wa kuongezea viungo!" Walijaliwa watoto watatu. Chumba cha vidonda alikiongoza miaka ishirini na saba, hadi alipostaafu mwaka 2006.

Februari 2023 alipata kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakampotea. Binti zake walimgeuza kitandani kila baada ya saa mbili, na wakichelewa aliwakodolea macho mpaka wakaja mbio. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Januari 2024. Baada ya miezi kumi na moja ya kulala, mgongoni hakuwa na kidonda hata kimoja. Daktari alikagua mara mbili, hakuamini.

Ameacha mume, binti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, na sisi ndugu zake wanne. Ameacha pia yule dereva, sasa mzee wa miaka sabini na mitano, ambaye amedai aandikwe kwenye wasifu huu kama ndugu wa damu. Jana, wakati wa kumvalisha marehemu, mtu wa ukoo alileta glavu nyeupe, kwa nia njema, ili kuificha mikono. Mzee dereva alizichukua, akazitia mfukoni mwake.

"Mikono hii niliikabidhi mguu wangu," akasema. "Iacheni watu waione."

Basi mtakapopita kumuaga, mikono iko wazi. Mshikeni. Dada, umeshinda, sasa pumzika.