Tone kwa Tone: Maisha ya Mpimaji wa Unga wa Titani

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi saa. Alikuwa wa nne kati ya watoto sita, na wa kwanza kufungua saa ya mteja bila ruhusa. Aliirudisha ikiwa inakwenda, ingawa vigurudumu viwili vilibaki mezani.

Alianza shule mwaka 1964 na kuhitimu shahada ya kemia mwaka 1980. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya chuo, chumba namba 12, na humo akadumu miaka thelathini na sita. Alitengeneza unga wa oksidi ya titani wenye punje ndogo zisizoonekana kwa macho, kisha akapima jinsi unavyotanuka ukipashwa moto. Dawa ilidondoshwa kwenye maji polepole, maana ukiharakisha, punje hunenepa. Wenzake wakamwita Tone.

Tarehe 6 Juni 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu. Alichelewa dakika arobaini kwa sababu uji wake wa titani ulikuwa haujaganda. “Mie nimeolewa na bomba bovu,” mkewe alizoea kusema. “Halifungiki, na ndoo halijazi.” Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2007 alitangaza kwamba unga wake hutanuka kidogo kuliko unga wa kawaida ulivyoandikwa vitabuni. Habari hiyo ilimpa ukuu wa maabara. Binti yake mkubwa naye aliitegemea katika shahada yake ya uzamivu, akitafuta rangi ya kupaka ndani ya matanuri isiyopasuka kwa joto.

Tarehe 3 Mei 2016, wiki mbili kabla binti hajakabidhi kazi yake, Marehemu aliweka kipande cha zinki tanurini ili kukikagua kipimajoto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi mia nne na kumi na tisa. Kipimajoto kilisoma mia nne na hamsini, na zinki imetulia tuli, haijayeyuka. Alipofungua, alikuta kipimajoto kinagusa ukuta wa tanuri, mbali na unga. Miaka yote hiyo alikuwa akipima joto la ukuta. Unga ulikuwa na joto dogo kuliko alivyoandika, ndiyo maana ulionekana kutanuka kidogo.

“Baba, ngoja basi nikabidhi kwanza,” binti alimwomba.

“Nikingoja, utatia sahihi kwenye kosa langu.”

Barua ya kufuta matokeo ilikwenda siku hiyohiyo. Marehemu alivuliwa ukuu. Binti alianza upya akiwa na miaka ishirini na saba, na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Ndiye anayesoma wasifu huu. Alimchukia baba yake, na amechoka kulificha hilo.

Alirudi mwaka 2018, baba akiwa ameshastaafu. Hawakuombana radhi. Baba alimkabidhi orodha ya vipimo mia mbili na kumi na vinne vya kurudiwa, akamwuliza kama amekula.

Februari 2025 Marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Miguu ilivimba, sauti ikafifia, na waliomuuguza wakapokezana kiti kimoja kisichokalika. Tarehe 8 Septemba alimwuliza binti yake, “Vimebaki vingapi?”

“Kimoja, Baba. Unga haujakauka.”

Binti angeweza kumtajia jibu lolote la kipimo hicho, naye baba angelala ameridhika. Ulimi ulikataa.

“Uache ukauke,” baba alisema. “Usiuharakishe kwa ajili yangu.”

Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu na dada mmoja.

Kipimo cha mwisho kilikamilika Alhamisi. Unga wa punje ndogo hutanuka sawasawa na unga wa kawaida. Kazi ya maisha yake yote, na jibu ndilo hilo. Binti ameliandika kama lilivyo, jina la baba yake likitangulia lake.

Apumzike sasa, kwa amani. Alichoka sana.