Picha Moja kati ya Hamsini

Basi la kwenda Båtsfjord, kaskazini kabisa mwa Norwei ambako Januari jua halichomozi, lilikuwa likipanda mlima mchana, giza totoro. Kwenye kiti cha nyuma, abiria aitwaye Oddny alikuwa ametega sikio bila haya. Mbele yake bibi mmoja, Torbjørg, alikuwa amembana kijana wa ofisi ya hali ya hewa aitwaye Eskil.

“Sema kweli, mwanangu. Ingvar wangu yuko baharini. Dhoruba ipo au haipo?”

“Mama, kompyuta inaichora jioni ya leo mara hamsini, kila mara kwa tofauti ndogo. Picha arobaini na tisa zina upepo wa kawaida tu.”

“Na hiyo moja?”

Eskil akajikuna shingo. “Ina dhoruba inayozaliwa ghafla. Lakini huwezi kurudisha boti kwa picha moja.”

“Mungu kakupa mdomo, mtoto wa kumhofia hajakupa.”

Oddny nusura acheke. Bibi akampigia mwanawe, na sauti ikafika hadi nyuma: “Mama, acha woga! Upepo umekata ghafla, bahari imelala kama maziwa bakulini. Nyota tele!”

Torbjørg akashusha pumzi. Eskil hakushusha.

“Ndivyo ile picha moja inavyoanza,” akanong’ona. “Katika zile nyingine zote, upepo haukati.”

Basi likasimama kwenye kizuizi cha barabara kusubiri gari la kuondoa theluji. Dereva akazima injini. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kamba.

“Ingvar, geuza boti,” bibi akasema kwenye simu, ambayo alikuwa hajaikata. “Ingvar? Nyota bado unaziona?”

Oddny akabana pumzi asikie jibu.