Mimba Zinazotoka Zizini

Kwenye benchi la Kesaram muuza chai, barabara ya kwenda mji wa Sadri, hakuna jambo linaloshinda watu. Wafugaji wa Kiraika, vilemba vyekundu kichwani, hukaa hapo wakaitawala dunia kikombe baada ya kikombe. Asubuhi hiyo Gamnaram alijikunyata pembeni, chai yake ikipoa. Tangu baridi ianze mbuzi wake walikuwa wakitupa mimba mmoja baada ya mwingine, na jana daktari wa mifugo alimpigia simu: damu yao ina ugonjwa unaohamia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Gamnaram aliwasimulia wenzake yote hayo, nao wakaupokea mjadala kwa mikono miwili.

— Ni mnara wa simu, alisema Harji, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi. Tangu usimamishwe, ngamia wangu anakoroma.

— Ngamia wako alikoroma kabla mnara haujazaliwa, alisema Dhula, aitwaye Wakili kwa kesi zote alizoshindwa. Gamna ndugu yangu, hilo ni jicho baya la shemeji yako.

Kesaram akauliza taratibu kama si yule beberu wa kuazima, aliyetoka kwa binamu wa Gamnaram, ambako nako mimba zilitoka mwaka jana. Redio akanuna. Kwa Waraika beberu akiombwa hakataliwi, wala akija hachunguzwi. Huzunguka zizi hadi zizi, ndio undugu wenyewe.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Redio.

— Walisema mgeni. Hawakusema beberu, alijibu Kesaram.

Wakacheka. Wakili akaongeza kwamba hata kuvaa glavu ni maradhi ya mjini, kwani dunia nzima imezalishwa kwa mikono mitupu. Gamnaram peke yake hakucheka.

— Mbuzi mweusi ana uchungu tangu alfajiri, alisema. Mkwe wangu Sayari ndiye aliye naye. Na Sayari mwenyewe ni mjamzito, mnajua.

Dereva wa lori aliyekuwa akingoja gurudumu lake lizibwe akageuka.

— Mwenyewe ameambiwa?

Mke wa Gamnaram alikuwa msibani kwao, na mwanawe, mume wa Sayari, alikuwa malisho ya mbali pamoja na kondoo. Tangu Sayari aletwe bibi harusi, baba mkwe hajawahi kumsemesha, wala yeye hajafungua kinywa mbele yake. Neno lolote lilipitia kwa mama mkwe. Ndiyo heshima, na hakuna aliyewahi kujiuliza ina kazi gani siku kama hii. Redio alitazama ndani ya kikombe. Wakili alijikuna goti.

Gamnaram akaondoka bila kuaga. Zizini alikohoa, kama akohoavyo baba mkwe mwenye adabu, na Sayari akashusha shela usoni, akiwa bado amechuchumaa. Mzee alikuwa amepanga kuuambia ukuta, ili Sayari asikie. Lakini kwato za mwanambuzi zilikwisha kuchomoza, na mikono ya mkwewe ilikuwa inazifuata.

— Sayari, mwanangu, usimguse. Kanawe kwa sabuni. Huyu nitamzalisha mimi.

Mikono ikasimama hewani. Gamnaram akahisi amemvunjia heshima, akatamani ardhi imfiche. Ndipo akasikia sauti kutoka chini ya shela, sauti ambayo hakuwahi kuijua, nzito kidogo, tulivu.

— Na mikono yako, baba, nani ataikinga?

Sayari akaenda kunawa, akarudi na mifuko miwili ya nailoni, akamvika viganjani na kuifunga kwa uzi, polepole, asimwumize. Mzee machozi yakamtoka mbele ya mkwe, jambo jingine lisiloruhusiwa, akayaacha yatoke. Kisha akamwomba asimame nje ya ua, naye akasimama.