Mashine ya Marehemu Urho

Benchi la duka la vifaa limeegemea ukuta ambao upepo wa Ziwa Superior haufiki, na ndiyo sababu wazee wake hawajahama tangu mgodi ufungwe. Mwezi wa Novemba, mbingu ikiwa imeshuka karibu na mapaa, mbele ya benchi ilisimama mashine ya kutupa theluji ya marehemu Urho Kinnunen, iliyokaa bandani miaka sita ikiliwa na kutu. Reino alikuwa ameifufua: kasafisha kabureta, kabadili plagi na mkanda, katoa viota vya panya. Jana jioni iliwaka kwa mvuto mmoja. Reino akaizima, akafunga kibomba cha petroli chini ya tangi ili isiwake tena, asimwambie mtu. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyemwondolea theluji Aila, mjane wa Urho, na kila alfajiri Aila alimkaribisha jikoni kwa kahawa na mkate wa iliki. Mashine ikipona, alfajiri hizo basi.

— Vuta tena, alisema Onni, waliyemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kudeki hospitali.

Reino akavuta kamba. Kimya.

— Petroli hiyo. Imelala mno. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

— Nimetia mpya.

— Basi mpya haijazoea.

Gervase, aliyeitwa Nabii kwa sababu kila alipotabiri theluji, ilinyesha mvua, alijimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa.

— Kosa ni la Urho. Mnaijua ile boliti laini ya mdomoni, inayotakiwa ikatike jiwe likiingia, ili gia ipone? Mwenzenu alitia boliti ya chuma kigumu. Jiwe likaingia, boliti ikabaki nzima, gia ikasagika.

— Gia nimebadili, alisema Reino. Boliti pia.

— Aibu ya Urho je, umeibadili? Mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Nyoka katokea wapi, Nabii?

— Nasema tu.

— Urho alikuwa mashoto, alisema Daktari. Kamba imezoea mkono wake. Hebu vuta kwa kushoto, mzee.

Reino akavuta kwa kushoto, kwa utiifu wa mtu anayejua matokeo.

— Unaona, alisema Daktari, ingawa hapakuwa na cha kuona.

— Igeuzeni itazame kaskazini, alisema Nabii. Chini yetu ni mashimo ya mgodi matupu. Cheche zinazama.

— Cheche zinazama? aliuliza Daktari.

— Kwani zinakwenda wapi?

Wakaigeuza. Kimya.

— Labda inagoma kwa sababu theluji bado, alisema Daktari. Ungekuwa wewe, ungeamka na kazi hakuna?

— Wewe uliamka miaka thelathini na kazi hukufanya, alisema Nabii.

— Ndiyo maana naielewa.

Reino aliona haya. Mara mbili alinyoosha mkono kuelekea kibomba. Mara mbili akalikumbuka lile dirisha la jiko la Aila lililojaa mvuke, akaurudisha mfukoni.

Ndipo Aila akavuka barabara, kavaa kofia ya manyoya ya mumewe.

— Imekataa, Bi Aila, alisema Daktari. Ni mashimo ya mgodi.

Aila aliitazama mashine, kisha akamtazama Reino.

— Reino, kwangu unamaliza kabla hakujapambazuka. Kwako nani huondoa theluji?

Daktari akachungulia kikombe chake. Nabii akakagua mbingu. Benchi zima lilijua kwamba mlango wa Reino huzikwa na theluji mpaka Aprili na mwenyewe hupitia dirishani. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Reino akainama, akafungua petroli, akangoja kidogo, akavuta. Mashine ikaunguruma mpaka vioo vya duka vikatetemeka.

— Kaskazini, alisema Nabii.

Aila akashika mipini, akaenda nayo hatua chache, akarudi.

— Theluji ikianguka tu, naanzia kwako, alimwambia Reino. Kahawa iwe tayari.

Akaondoka na mashine kando ya barabara, moshi ukimfuata. Reino akaketi, akawa anajaribu kukumbuka kama ana kikombe cha pili.