Sauti za Leipzig Alizozitunza Mzee Nehemiah Walubengo

"Nyinyi mliona ile nchi ikikufa kwa televisheni. Mimi niko na watu wake, wazima, chini ya kitanda changu Kitale." Maneno hayo Mzee Nehemiah Walubengo Sifuna aliyasema mbele ya umati wa harusi mjini Bungoma, Desemba 2002, baada ya kumpokonya mshereheshaji maikrofoni iliyokuwa ikikoroma na kuitengeneza papo hapo kwa meno. Watu walicheka, wakasema soda imemlevya. Mshereheshaji alikuwa mdogo wake, Matthew. Yeye pia alicheka, lakini alisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 karibu na soko la Misikhu, mtoto wa kwanza wa Mzee Eliakim Sifuna na Mama Nanyama, ambao wote wametangulia. Utotoni alikuwa akisimama kwenye kibaraza cha duka kusikiliza matangazo ya vifo redioni, kisha anakimbia kuwaambia wasio na redio. Hakukosea jina hata moja. Ikafika mahali akina mama wakimwona anakuja wanaanza kulia, hata siku aliyotumwa kuomba chumvi.

Alisoma shule ya msingi Misikhu na sekondari Bungoma, akamaliza mwaka wa 1976. Septemba 1982 alipata ufadhili wa kusomea ufundi wa redio mjini Leipzig, katika Ujerumani ile ya mashariki ambayo leo haiko kwenye ramani. Alikuta baridi, viazi, na serikali iliyojua kila mtu alikula nini jana. Alikuta pia chumba kimoja nyuma ya kanisa, ambapo mchungaji aliwaruhusu kukutana wanaume waliopenda wanaume na wanawake waliopenda wanawake. Sheria ya huko haikuwafunga tena, lakini magazeti hayakuwataja na majirani waliwaandikia ripoti. Mchungaji aliwapa ufunguo na chai. Nehemiah aliitwa siku ya kwanza kutengeneza spika. Siku ya pili hakuna kitu kilichokuwa kimeharibika, akaenda hivyo hivyo.

Huko ndiko alikoanza kurekodi. Mmoja baada ya mwingine walikaa mbele ya kinasa sauti chake, wakaeleza maisha yao. Aliyezungumza kwa muda mrefu kuliko wote alikuwa mzee Albrecht. Wakati wa Hitler alikuwa amefungwa kambini kwa sababu ya mtu aliyempenda. Serikali mpya ilipokuja ikamtoa, halafu ikamwambia anyamaze. Alinyamaza miaka arobaini, akaja kusema mara moja tu, kwa Nehemiah, Mbukusu mwenye kofia ya sufu. Mwaka uliofuata akafariki. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na sauti yake.

Marehemu hakuoa. Shangazi zake walijaribu. Mwaka wa 1991 walituma dukani kwake wasichana wenye redio ambazo hazikuwa mbovu, na Kitale haijawahi kuona redio nyingi nzima kama mwaka ule. Aliwapa viti, akazipima redio, akarudisha redio pamoja na msichana kwa heshima zote. Aliyempenda alikuwa Joachim, dereva wa tramu wa Leipzig. Familia imemwita "rafiki wa masomo" kwa miaka mingi, na rafiki wa masomo alikuwa hajui hata kuunganisha betri. Joachim ndiye aliyempa zile kanda zote asafiri nazo Julai 1988, kwa sababu mle chumbani walianza kuogopana wao kwa wao, hawajui nani anapeleka habari. Alimwambia azipeleke mbali, azikalie, asizifungue mpaka watu wao waje kuziulizia. Joachim alifariki mwaka wa 1994.

Nyumbani cheti chake hakikutambuliwa. Afisa mmoja alikigeuza juu chini, akauliza kama ni cha kanisa au cha jeshi. Basi mwaka wa 1989 alifungua duka la kutengeneza redio Kitale, ukuta mmoja na duka la Bwana Ranjit, muuza betri na kanda, akaandika mlangoni "Leipzig Redio". Wateja walimjia kutoka Misikhu hadi Suam. Mama Cherop wa Suam anakumbuka alivyoleta redio iliyojaa mende. Mzee akaifungua, akatazama ndani kwa muda, akasema, "Mama, hawa wapangaji wako, kodi wanalipa?" Kanisani alishughulikia vipaza sauti bila malipo kwa miaka mingi. Bila yeye mahubiri mengine yasingemfikia mtu, na mengine, alisema mwenyewe, aliyapunguza sauti kidogo kwa faida ya wote.

Kanda zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake. Hakuzicheza. Alikuwa na imani ya fundi kwamba kila ukiicheza kanda unailamba, na alitaka wenyewe wazikute nene. Kila moja aliivunja kile kipande kidogo cha plastiki ukingoni, ili mashine ikatae kurekodi juu yake. Waliotumia kaseti wanajua: kikishavunjika, hakuna kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Ukitaka kurekodi tena lazima ukae chini, usokote karatasi, uzibe tundu kwa mkono wako.

Aprili 2003 homa ya matumbo ilimlaza, akadhani anakufa. Akamwita Matthew, mdogo wake ambaye yeye mwenyewe alimlea, akamlipia shule, akamfundisha kuimba. Akampa sanduku na ufunguo wake. Akamweleza yote: chumba, mchungaji, mzee Albrecht, Joachim. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine. Matthew alimshika mkono, akaapa kuzitunza. Mzee alipopona, sanduku lilirudi pamoja na ufunguo, kanda zikiwa zimepangwa vizuri, lebo zile zile kwa mwandiko ule ule. Miezi michache baadaye kanisa lilipata kijana mwingine wa vipaza sauti. Mzee aliambiwa apumzike. Akapumzika, akidhani ni umri, na alikuwa na miaka arobaini na tano.

Alisubiri miaka mingine ishirini. Novemba 2023 wakaja kuuliza. Bi Henrike, wa kundi dogo la Leipzig linalokusanya kumbukumbu za watu hao kabla hazijazikwa nao, alielekezwa na dada yake Joachim, aliyekumbuka kwamba kuna Mkenya aliondoka na kila kitu. Siku hiyo Mzee alivaa shati jeupe. Alifagia duka mwenyewe. Nanyama, binti ya Matthew, mwenye jina la bibi yake, alikuwepo.

Alifungua sanduku, akachukua kanda ya mzee Albrecht, akaiinua dirishani. Kwenye tundu palikuwa na karatasi iliyosokotwa vizuri. Akachukua nyingine. Na nyingine. Alikaa chini, akamwambia Henrike kwa Kijerumani kwamba zimezibwa.

Waliicheza hata hivyo. Ikatoka kwaya ya Misikhu, na juu ya kwaya, sauti ya Matthew akiongoza. Henrike, ambaye hakuelewa, alianza kupigapiga mguu kufuata ngoma. Mzee akamwacha. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheza kanda zote, siku nzima. Katika moja tu nyimbo ziliisha kabla ya kanda kuisha. Pakabaki mtu anakohoa, kiti kinalia, na Joachim anauliza kama hicho kitu kinafanya kazi.

Matthew aliitwa kwa simu, akafika kwa bodaboda. Hakukana. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake.

"Matayo," Mzee alisema. "Nani aliziba?"

"Si kwaya ilikuwa inaenda mashindano, bana. Na Kitale yote kanda zilikuwa zimeisha. Hao wazungu walikuwa wanaongea tu, hata wimbo mmoja hakuna."

"Nilikuambia ni akina nani."

"Ndiyo, uliniambia," Matthew alisema. "Ndio maana."

Kisha alizungumza sana: kwamba alikuwa akimwokoa, kwamba jina la Sifuna lilikuwa hatarini, kwamba aliwaambia wazee wa kanisa kidogo tu, kwa maombi. Mzee alimgeukia Henrike. Akamwomba radhi, kana kwamba ni yeye aliyeziba. Henrike alizibeba kanda hivyo hivyo, na kile kikohozi, na kabla ya kuondoka alimkalisha marehemu aeleze anayokumbuka. Alieleza kwa siku kadhaa, Kijerumani kikiwa kimeshika kutu. Kila alipofika kwa mzee Albrecht alisimama. "Haya ni maneno yangu," alisema. "Yeye hakusema hivi."

Machi 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa Kitale kwa miezi kumi. Matthew alifika wodini kila Jumapili na Biblia, na yeye ndiye aliyenunua jeneza hili, nalo ni zuri. Ziara ya mwisho Mzee alimwomba maji, akanywa, akasema asante. Nanyama ndiye aliyeambiwa: "Msinisomee wasifu wa malaika. Mseme kanda zilienda wapi." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Ameacha mdogo wake Matthew na mkewe. Binti yao Nanyama, pamoja na jamaa wengi wa Misikhu na Bungoma. Jirani yake Ranjit na familia. Wateja wa Kitale na Suam ambao redio zao bado ziko dukani, tafadhali mje mzichukue. Leipzig ameacha watu ambao hakupata kukutana nao, waliomngojea awaletee wazee wao. Mungu ampokee Nehemiah jinsi alivyokuwa, ampe usingizi mtulivu, na huko aendako awakute wanazungumza.

Jana matangani Bwana Ranjit aliulizwa kuhusu mwaka ule. Alisema kanda tupu hazikuisha hata siku moja, alikuwa na makatoni. Kanda tupu ya dakika tisini, Kitale, mwaka wa 2003: shilingi sitini.