Mama Gundi na Kichwa Asichokigusa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya ubongo, Mama Gundi anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo alipewa na wanajeshi wa zamani, ambao yeye huwabandika nyaya kichwani kwa gundi laini ili mashine isome yanayotokea ndani mtu anaposhtuka. Jina lake la kwenye faili wengi wetu tumelisikia kwa mara ya kwanza wiki hii.

Alianza kama mfagizi, akasomea ufundi wa mashine huku analea watoto wawili. Katika mwaka wake wa tano, sisi watafiti na visomo vyetu tulipata matokeo ya kutisha: kila mwanajeshi akikaa kitini, mistari ya mashine inarukaruka hata kabla hajasikilizishwa mlio wowote. Tukaandika kurasa arobaini kuhusu madhara ya vita. Mama Gundi akazisoma, akaguna, akatuambia tugeuze kiti.

Kumbe tulikuwa tunawabandika nyaya kwa nyuma, na mlango uko mgongoni mwao. Tulipima woga wa kuguswa kisogoni na mtu usiyemwona, tukauita woga wa vita. Kurasa arobaini zikaenda na maji. Anayeandika haya ndiye aliyeziandika zile, na haya bado hazijamwisha.

Alijuaje? Mdogo wake wa kiume alirudi kutoka vitani mzima wa viungo, lakini mpaka leo hali chakula ila ameegemeza mgongo ukutani. Kwa ajili yake Mama Gundi aliitafuta kazi hii. Hutueleza kwa lugha nyepesi kuliko yetu: ndani ya ubongo kuna kengele ya hatari, vita vimekwisha, ila kengele haijapewa habari.

Tangu hapo huwakabili watu uso kwa uso, akieleza kila waya kabla ya kuubandika. Walioingia wakitetemeka walisinzia kitini. Mmoja alikoroma hadi tukaita fundi, tukidhani mashine imeharibika.

Mdogo wake hajaja hata mara moja. Kila akiitwa, husema wiki ijayo. Kichwa chake hakiguswi na mtu, hata dada yake. Juzi, akikusanya vitu vyake kabatini, Mama Gundi alituambia hana haja tena ya kumpima. Anatamani tu amnyoe nywele, kama alivyokuwa akimnyoa utotoni mama yao akiwa kazini.

Asante, Mama Gundi. Kusema kweli, tumeanza kukukumbuka kabla hujatoka mlangoni, na chumba kile kitapwaya bila wewe. Tunakutakia maisha marefu yenye raha, na tunamwombea mdogo wako, siku moja, akuinamishie kichwa.